Shajara ya mradi: mbu wa kaskazi mtaani Langoni, Lamu

Januari, wiki ya kwanza

Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, imeshika. Mvua za vuli zimepita bila kujaza hata jabia moja, yaani hodhi la maji ya mvua, mtaani kwetu, joto halipungui hata alfajiri, na maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Kila nyumba imejiwekea akiba: mapipa uani, mitungi ya plastiki chini ya ngazi, ndoo chooni, tangi darini. Na mbu ni tele, tena wanauma mchana kweupe, miguuni, watu wakiwa wamekaa barazani.

Hapo ndipo mradi wetu unapoanzia. Msimu huu mbu hatoki kwenye dimbwi la mvua, kwa sababu mvua yenyewe haipo. Anatoka kwenye maji ya akiba, ndani ya nyumba zetu. Huyu wa mchana, mweusi mwenye mistari meupe miguuni, ni Aedes aegypti, naye si msafiri. Aghalabu maisha yake huishia ndani ya mita 100 au 200 kutoka alipozaliwa. Anayekuuma amezaliwa kwako au kwa jirani yako. Kwa hiyo mtaa ukiamua, mtaa unaweza, hata kama mtaa wa pili haujaanza.

Kikao cha kwanza kilifanyika baada ya swala ya alasiri. Walikuja wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa chuo cha Kurani na wa shule, akina mama wa chama, mabaharia na fundi wa mabomba. Wengi walitaka tuanze kwa kuiomba kaunti ilete mashine ya moshi. Ombi hilo lina maana yake, lakini nililipinga na bado nalipinga kwa sasa. Moshi wa dawa unaua mbu wanaoruka saa ile unapopita. Hauwafikii waliojificha chini ya vitanda na nyuma ya makabati, katika nyumba hizi za mawe zenye kuta nene, wala haugusi kilichomo ndani ya pipa. Baada ya siku chache kizazi kingine kinaruka. Moshi una kazi yake ugonjwa ukishalipuka, pale unapotaka kuwaangusha haraka mbu ambao tayari wamebeba virusi. Sisi tunataka tusifike huko.

Na Lamu tunajua kufika huko ni nini. Mwaka 2004 chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu huyu na kuumiza viungo, ililipuka hapa kisiwani. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kuwa robo tatu ya watu walikuwa wameambukizwa, yaani kwa makadirio watu 13,500. Haukuwa mwaka wa mafuriko, ulikuwa mwaka wa ukame. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka kwenye vyombo na kuyatumia kidogo kidogo bila kuvimaliza. Kutoka hapa ugonjwa ukaonekana Mombasa kabla mwaka haujaisha, mapema 2005 ukawa Komoro, kisha Réunion, ambako uliwapata zaidi ya watu 200,000, karibu theluthi ya wakazi wote, na mwaka 2006 India ikahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 1.

Kikaoni bibi mmoja aliinua mkono akasema, "Wanangu, mwaka ule nilikuwa siwezi kukunja goti. Nilisali nimekaa mpaka Ramadhani ikaingia. Mukinambia nifunike pipa, nitafunika." Baada ya hapo habari za moshi hazikurudi.

Januari, wiki ya pili

Ukaguzi umeanza upande wa msikiti na tunashuka kuelekea pwani. Vifaa ni tochi, kata, beseni jeupe na kitambaa cheupe cha kuchujia. Kazi inafanywa asubuhi, wakati nyumba zina watu na bado hawajaanza kupika. Wanaoingia ni wanawake wa kikundi, wawili wawili, kwa kuwa vyombo vingi viko uani na vyooni na si kila nyumba itamruhusu mwanamume mgeni kufika huko.

Pipa likimulikwa tochi, viluwiluwi vya Aedes vinakimbilia chini mara moja. Ukiwa na papara utaapa kuwa maji ni safi. Inabidi uzime tochi, usubiri kidogo, kisha uchote kwa mkupuo mmoja pembeni mwa pipa na kumimina kwenye beseni jeupe. Hapo ndipo mwenye nyumba anapoona mwenyewe. Vile virefu vinavyojipinda vinaning'inia kichwa chini, mkia juu, maana vinapumulia mkiani. Na mle mle kuna vingine vimejikunja kama alama ya mkato, vinaruka ruka lakini havili kitu. Hivyo ndivyo vya kuhofiwa zaidi, kwani katika joto hili zimebaki siku mbili tu viwe mbu wenye mabawa. Tukiviona tunamwonyesha mama wa nyumba, na mara nyingi hatuhitaji kusema zaidi.

Tulipovikuta vingi: mapipa ya plastiki ya maji ya kufulia yanayoongezwa maji juu ya maji bila kumalizwa. Mitungi ya udongo iliyowekwa kona kwa mapambo. Sahani za chini ya vyungu vya maua. Hori za punda, hasa za punda aliyehamishwa au kuuzwa huku maji yakiachwa pale pale. Na kimoja ambacho hakuna aliyekitarajia, kile kisahani cha nyuma ya friji kinachokusanya matone. Nyumba ya tatu tuliyokikuta hivyo, kijana wa nyumba alikaa chini akakitazama muda mrefu. Mama yake amekuwa akifagia ua kila siku na kufukiza udi kila magharibi, na mbu walikuwa wakizaliwa jikoni.

Mitungi midogo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza haina shida. Tatizo ni kila chombo ambacho mdomo wake ni mpana kiasi cha kuingia kata.

Januari, mwisho wa mwezi

Mama mmoja amenijia amekasirika. Alimwaga pipa lote mbele yetu juma la kwanza, akalijaza maji mapya ya bomba, na viluwiluwi vimerudi. Alidhani maji ya bomba ndiyo yanayovileta.

Tulikwenda naye tukalilaza pipa uani kwenye mwanga. Ndani, sehemu ambayo maji hufika na kupungua, kulikuwa na mstari wa vidoa vyeusi vidogo kuliko chembe ya pilipili manga. Hayo ni mayai. Aedes hatagi majini, anataga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yakishagandamana yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja. Maji yakipanda na kuyagusa, yanaanguliwa. Kumwaga peke yake ni nusu ya kazi. Mama alichukua kumbi la nazi na sabuni ya unga akasugua mpaka mstari ukatoka, akasuuza, na yale maji ya kusuuzia tukayamwaga mchangani, si mtaroni.

Tangu siku hiyo tumebadili maneno tunayopitisha mtaani. Hatusemi tena "mwaga maji". Katika mtaa ambao mtungi mmoja unabebwa na punda na kulipiwa, kumwambia mtu amwage maji ni kumtukana. Tunasema "sugua pipa kabla hujalijaza". Pipa likikaribia kwisha, yale maji ya chini yatumike kufulia au kuoshea choo, pipa lisuguliwe, ndipo lijazwe. Katika joto la kaskazi yai linaweza kufika kuwa mbu kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, kwa hiyo kila pipa lazima liguswe mara moja kwa juma. Tumechagua Alhamisi, kwa kuwa nyumba nyingi husafishwa siku hiyo kwa ajili ya Ijumaa. Walimu wa chuo wanawakumbusha watoto Jumatano jioni.

Februari, mwanzo

Vifuniko. Hapa ndipo pesa za chama zilipokwenda, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi.

Fundi cherehani wetu alishona kofia za shashi, kitambaa chepesi chenye matundu madogo, zenye lastiki, za kuvisha mdomo wa pipa. Zilipendeza, watu wakazigombania. Baada ya siku chache tukarudi kukagua. Shashi ilikuwa imelegea katikati na kugusa maji kila pipa lilipojaa, ikanyonya maji ikawa mbichi. Kitambaa kibichi, chenye kivuli, juu ya maji: mbu wakataga humo humo juu ya kifuniko. Juu ya kofia moja mayai yalionekana kwa macho matupu.

Aliyetutoa hapo ni msusi wa mikeka wa mtaa wa Wiyoni. Alipoitazama ile kofia alisema, "Nyinyi muna haja ya kawa, si kofia." Akasuka kawa kubwa ya miyaa, imeinuka katikati kama zile za kufunikia chakula, ukingo wake ukazungushiwa ufito ili usipinde, na fundi akaitia shashi kwa ndani. Inakaa juu ya pipa bila kugusa maji, inaondolewa kwa mkono mmoja, na mtoto anaweza kuirudisha. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kifuniko kinachohitaji mikono miwili hakirudishwi, kwa sababu mkono wa pili umeshika kata.

Matangi ya darini yana shida nyingine. Vifuniko vyake vilichukuliwa na upepo zamani, na bomba la kufurikia liko wazi. Fundi wa mabomba anapanda na kipande cha shashi na mpira wa tyubu, anafunga mdomo wa bomba hilo, basi. Dakika chache tu kwa tangi.

Tuliulizwa kuhusu dawa ya kutia majini. Ipo, na tunayoiamini zaidi ni ya bakteria, Bacillus thuringiensis israelensis, waliogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev. Kiluwiluwi kikiwala, utumbo wake unaharibika na kinakufa. Binadamu, punda na samaki hawadhuriki. Tumekubaliana itumike kwanza kwenye visima vilivyoachwa na matangi yasiyofikika, na kwamba hakuna dawa yoyote itakayoingia kwenye maji ya kunywa kabla afisa wa afya ya umma hajasoma lebo yake na kutuandikia kipimo.

Februari, katikati

Wazee walituuliza mbona hatujataja samaki. Wana haki. Ukiingia katika choo cha nyumba ya kale hapa Lamu utakuta birika la chokaa la maji ya kuogea, na chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, kuna bakuli la kaure lililojengewa humo. Wageni hulipiga picha wakidhani ni pambo. Kumbe birika lilifugwa samaki wadogo wa maji matamu ili wale viluwiluwi, na maji yakipungua mpaka chini, bakuli ndilo lililobaki na maji ya kuwatosha samaki mpaka birika lijazwe tena. Waliojenga nyumba hizi walijua mbu anatoka wapi.

Katika nyumba moja kati ya tulizokagua birika bado lipo zima, bakuli lake la buluu na nyeupe lina ufa mmoja. Samaki hawajawemo tangu mwenye nyumba alipokuwa msichana. Tulileta samaki wachache kutoka kwenye kisima cha shamba, tukawaweka kwanza kwenye ndoo ya maji ya birika hilo hilo ili wayazoee, kisha tukawaachia. Asubuhi yake tulipomulika tochi hakikuwepo kiluwiluwi hata kimoja. Bibi mwenyewe alitaka kuwatupia makombo ya mkate. Tulimwomba asifanye hivyo, maana samaki aliyeshiba mkate haoni sababu ya kuwinda.

Birika la msikiti lilikuwa gumu zaidi. Samaki walitiwa, kisha mtu akalisafisha birika kwa dawa ya klorini kwa nia njema, na samaki wote wakaelea. Hatukumlaumu mtu. Imamu amepanga utaratibu: birika lisuguliwe kwa brashi, na ikibidi chokaa au klorini, samaki watolewe kwanza na wasirudishwe mpaka maji yabadilishwe. Karatasi imebandikwa ukutani pale penye kandambili.

Samaki hawatatusaidia kwenye mapipa, hilo lazima lisemwe. Maji ya pipa yanachotwa mpaka mwisho na samaki anachotwa nayo. Birika, kisima na hodhi la bustani, hapo ndipo pao.

Kuna jambo linaloniudhi na nitaliandika. Katika mtaa wetu zipo nyumba kubwa zilizofungwa karibu mwaka mzima. Wenyewe wako mbali, zina vidimbwi vya kuogelea vilivyoachwa na maji nusu, matangi wazi, vyungu vya maua vinavyomwagiliwa na mlinzi. Majirani zake wanasugua mapipa kila Alhamisi na bado wanaumwa. Walinzi wenyewe ni watu wetu, wameelewa upesi, lakini wengine wanaogopa kugusa kitu bila ruhusa. Mzee wa mtaa ameanza kuwapigia simu wenye nyumba mmoja mmoja. Baadhi wamejibu siku hiyo hiyo na kuagiza vidimbwi vikaushwe. Nyumba moja bado haijajibu, na ukuta wake unapakana na chuo cha watoto wadogo.

Februari, mwisho

Makaro, yaani mashimo ya maji machafu, na mitaro. Hapa anazaliwa mbu mwingine, Culex, yule wa usiku anayelia sikioni. Anapenda maji machafu ambayo Aedes hayataki. Si wa kupuuzwa: pwani yetu, kutoka Kwale mpaka huku Lamu, ni mmoja wa mbu wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha.

Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 walimwaga punje za povu la plastiki kwenye vyoo vya shimo na makaro. Punje zikaelea zikawa tabaka moja juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia na mbu wakakosa pa kutagia. Pamoja na dawa ya minyoo waliyopewa watu, mbu na minyoo vyote vilipungua sana. Kazi nzuri, lakini mimi sikubali tuiige hapa kama ilivyo. Makaro yetu mengi yanafurika masika na maji yake yanaishia baharini, na punje zingeishia huko huko, kwenye mikoko na midomoni mwa samaki. Tumechagua njia ya fundi: mifuniko ya zege iliyopasuka izibwe kwa saruji, na mabomba ya hewa ya vyoo yavishwe wavu. Vichochoroni vijana wanazoa taka mitaroni ili maji yatembee. Maji yanayotembea hayazai mbu.

Machi, Ramadhani

Kazi imepunguzwa, haikusimama. Ukaguzi unafanywa mapema asubuhi kabla jua halijawa kali, na wenye kufunga hawabebi ndoo. Maji ya akiba yameongezeka majumbani kwa ajili ya futari na daku, kwa hiyo mwezi huu vifuniko vina kazi zaidi.

Tumeweka mitego ya mayai. Kopo la rangi nyeusi, maji nusu, na kipande cha mti kisichopigwa randa kimesimamishwa ndani. Mbu jike huvutiwa na weusi na kivuli, anataga kwenye mti. Kila juma kipande kinatolewa, kinatazamwa kwa kioo cha kukuzia, kinachomwa, na kopo linasuguliwa, la sivyo mtego wenyewe utakuwa kiwanda. Mtego unatuambia mbu wapo na wako upande gani, hautuambii ni wangapi. Na ulichotuambia ni hiki: vichochoro vya upande wa msikiti, ambako karibu kila pipa lina kawa, vipande vinatoka vikiwa safi au na mayai machache. Upande wa ile nyumba isiyojibu simu vinatoka vyeusi. Mzee wa mtaa amechukua kipande kimoja kwenye bahasha kumpelekea chifu.

Wahudumu wa afya wanasisitiza jambo moja kila nyumba, nami naliandika hapa ili lisisahaulike. Dengi, homa nyingine ya virusi, nayo iko pwani hii: ilionekana Malindi mwaka 1982 na Mombasa mwaka 2013, na inaletwa na mbu huyu huyu. Mtu mwenye homa kali ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo, asimeze aspirini wala ibuprofeni kwa kujinunulia dukani, kwa sababu kama ni dengi dawa hizo zinazidisha hatari ya kutoka damu. Parasetamoli, maji mengi, na aende akapimwe, malaria pia ipimwe. Kama fizi zinatoka damu, tumbo linauma sana au anatapika mfululizo, asingoje kupambazuke. Na alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wasichukue virusi kwake na kuvipeleka kwa jirani. Watoto wachanga wanaolala mchana nao wafunikwe chandarua. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii mbu anayeamka na jua.

Machi, mwisho

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa kusini. Masika yakifika, mambo yatageuka: vyombo vya ndani vitapungua umuhimu na vya nje vitaanza kujaa. Vifuu na maganda ya madafu yamerundikana nyuma ya vibanda baada ya mwezi mzima wa kufuturu, na matairi ya gari, katika kisiwa chenye magari machache, yananing'inia gatini na ubavuni mwa mashua kuzuia zisigongane. Tairi ni chombo anachokipenda sana Aedes, lina giza na maji yake hayakauki upesi. Mabaharia wamekubali kutoboa kila tairi tundu mbili upande wa chini ili maji yapite. Mashua zitakazopandishwa mchangani wakati wa kusi, upepo wa kusini, zitalazwa ubavu au zitavutwa ngama, maji yanayokusanyika ndani ya chombo, mara kwa mara. Wauza madafu wamepewa siku mbili kwa juma ambapo mkokoteni utapita kuchukua maganda.

Ile nyumba imefunguliwa. Chifu alikwenda mwenyewe na mlinzi, na mwenye nyumba akatoa ruhusa kwa simu. Kidimbwi kilikuwa na viluwiluwi kiasi kwamba kata moja ilitosha kulifanya beseni lote litembee. Kimekaushwa, kimesuguliwa, na tangi limefungwa shashi.

Mtaa wa Gadeni wametuomba tuwaanzie. Msusi wa Wiyoni ameshawafundisha wasichana wa huko kusuka kawa za mapipa, na chama chao kimetenga pesa za shashi. Tutaanza nao Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, asubuhi. Anayekuja aje na tochi, beseni jeupe na kumbi la nazi.